Jina Lake Liwekwe Njiani

Wazee wangu, mama zangu, nanyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Mgeni akifika Malindi hupelekwa kwanza rasini kuiona nguzo ya Vasco da Gama. Yule bwana alitia nanga hapa Aprili 1498, akapata rubani wa kumvusha hadi India, akaenda zake. Hakumaliza hata majuma mawili. Sisemi nguzo ing'olewe, nayo ni historia yetu. Lakini nilipompeleka mjukuu wangu pale, mtoto wa miaka 9, aliniuliza: "Bibi, na yetu iko wapi?" Nikamshika mkono hadi bustanini mjini, kwenye sanamu ya Mekatilili, mama aliyewaongoza Wagiriama kumpinga Mwingereza. Akaitazama sana, kisha akauliza: "Alikuwa anakaa hapa?"

Hakuwa akikaa hapa, na ndiyo maana nimeomba kusema nanyi leo. Sanamu ya mjini ni njema, na waliopigania iwepo nawashukuru kwa moyo wote. Ila mama yule alikuwa mtu wa njia, na njia alizozipita hazina kibao kila palipostahili.

Alizaliwa Mnyazi wa Menza. Mekatilili maana yake mama wa Katilili, mwanawe wa kwanza. Mwaka 1913, akiwa mjane, alizunguka kijiji hadi kijiji akicheza kifudu, ngoma ya matanga. Watu wakikusanyika, akawaambia habari ya kodi ya nyumba na ya vijana waliotakiwa wakafanye kazi katika mashamba ya wageni. Kule Kaya Fungo, msitu mtakatifu wa Wagiriama, viapo vikaliwa: wanawake Mukushekushe, wanaume Fisi. Oktoba mwaka huo huo serikali ya Mwingereza ikamkamata pamoja na Wanje wa Mwadorikola, ikawapeleka Kisii, mbali kabisa na kwao.

Mwanzoni mwa 1914 wakatoroka, wakarudi kwa miguu.

Tutulie hapo kidogo. Anayetoka Kisii leo kwa basi hufika Pwani miguu imevimba, na yeye amekaa kitini. Huyu ni mama mtu mzima, anasakwa, anapita nchi za watu ambao lugha zao hazijui, anaomba maji kwa watu asiowajua. Nchi nzima imekatwa kwa unyayo wa mama wa Kigiriama! Agosti 1914 Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti. Mekatilili akakamatwa tena, akapelekwa mbali tena, na mwaka 1919 akarudi tena. Amelala Bungale, huko Magarini.

Basi nataka kibao kwenye njia panda ya kwenda Bungale, mahali ambapo matatu hupunguza mwendo na bodaboda huegesha. Nataka kingine upande wa Kaloleni, kando ya njia iendayo Kaya Fungo. Nasema kando ya njia. Makaya ya Wamijikenda yameandikwa katika turathi za dunia tangu 2008, lakini kabla ya hapo yalikuwa tayari na wenyewe, na kibao hakiingii msituni bila idhini ya wazee. Wakisema kisimame mbali, kitasimama mbali.

Na kisiwe cha chuma. Chumvi ya bahari itakila, na kisipoliwa na chumvi kitaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mafundi wetu wanajua kuchonga jiwe la matumbawe. Wapewe kazi hiyo.

Lamu mambo ni tofauti, kwa sababu kule anayepita ni mtu na punda. Kibao kitiwe ukutani, usawa wa macho, penye Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Pate, kisiwa jirani, iliwahi kutawaliwa na mwanamke, Mwana Khadija, katika karne ya 18, na ni watoto wangapi wa Lamu wanaolijua jina hilo? Kisha Mwana Kupona binti Msham, aliyetunga Utendi wa Mwana Kupona. Mara nyingi hutajwa kuwa mke wa Bwana Mataka wa Siyu. Kibao kianze na yeye mwenyewe, mume afuate baadaye. Dada mmoja alinipinga hapo: utendi ule unamfunza binti kumnyenyekea mume, kwa nini tumtukuze mtungaji? Nimelifikiria swali lake kwa siku nyingi, maana ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba mwaka 1858 mwanamke mgonjwa alitunga wasia kwa ajili ya bintiye, na hadi leo tunabishana naye. Anayebishaniwa hivyo hakufa, wala si haki kumficha nyuma ya jina la mumewe.

Maneno ya kibao yawe machache, ya Kiswahili na ya Kigiriama, yasomeke kabla pikipiki haijapita. Nimejaribu kuandika ya Bungale. Sikilizeni:

"Njia hii yaenda kwenye kaburi la Mnyazi wa Menza, aitwaye Mekatilili. Mwaka 1913 aliwaapisha Wagiriama wasitoe kodi wala vijana wao. Alipelekwa Kisii. Alirudi kwa miguu."

Wazee wa Bungale mliokuja leo, kama kuna neno nimelikosea, kalamu ninayo hapa. Semeni nifute.