Nimenunua lori la jeshi, mama Kigoma hataki hata kulisikia

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana, mambo vipi? Watu wa Mwanga, Ujiji, Gungu na Kibirizi, mmeniuliza wiki nzima, haya, lenyewe ndilo hili hapa nyuma yangu. Unimog U1300L, zamani gari la wagonjwa la jeshi la Ujerumani. Silinda 6, na likijitahidi kweli kweli ni kama kilomita 80 kwa saa. Mama kaniuliza kwenye simu, "Hela yote hiyo mwanangu, gari lenyewe linapitwa na Noah?" Mama, Tromsø, kaskazini kabisa mwa Norway, mwezi wa kwanza, Noah utalala humo uamke?

Niwasimulie nilivyoponea chupuchupu. Lori la kwanza nililoenda kuliona lilikuwa linang'aa, chini kote limepigwa rangi nyeusi mbichi. Nikamkumbuka mjomba, fundi boti pale Kibirizi. Ukimpelekea boti iliyopakwa rangi jana, mjomba hana habari na rangi. Anatoa kisu, anachoma ubao pale unapokutana na taruma, ule ubavu wa ndani wa boti, kimya, anasikilizia mkono. Basi nami nikatoa bisibisi, nikalala chali kwenye theluji, nikachoma chesisi karibu na ekseli ya nyuma. Ikazama kama kwenye papai. Huku msimu wa baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi ikishaingia kwenye chuma inakula polepole miaka na miaka. Nikainuka, muuzaji anaangalia miti. Nikamwambia asante, nikashika njia.

Hili nalo lina kutu, sitawadanganya, ila ya juu juu. Leseni? Ya gari dogo huku inaishia tani 3.5, kwa hiyo mtu mzima nimerudi darasani kusomea ya hadi tani 7.5.

Sasa njooni ndani. Wiki iliyopita nimelala humu usiku mmoja kulijaribu, nyuzi 8 chini ya sifuri. Hita ya dizeli inaunguruma, nimejifunika, raha. Alfajiri tone likaniangukia kwenye kope. Nikawasha tochi: dari nzima, kila kichwa cha skrubu kina tone lake, na za kule pembeni zimeshaganda, vishanga vya barafu vimejipanga mstari. Lori halivuji, jamani. Ni pumzi yangu. Mtu akilala anatoa mvuke, na skrubu iliyopita kutoka nje hadi ndani inabeba baridi yote ya nje, basi mvuke ukiigusa tu unakuwa maji. Ndiyo maana mnaona dari nimeing'oa. Nabandika sponji nzito isiyopitisha maji, imegandana na bati kabisa bila upenyo, na safari hii hakuna skrubu itakayotoboa pande zote mbili.

Kuna aliyeuliza kama dizeli inaganda. Wewe mtu wa Kigoma unauliza hilo? Mawese aliyonitumia mama, nikiyaweka dirishani usiku, asubuhi nayachota kwa kijiko kama siagi. Dizeli nayo ina nta ndani yake. Baridi ikizidi nta inajitenga, inaziba chujio, gari linazima. Ndiyo maana vituo vya huku vinauza dizeli ya msimu wa baridi. Gesi ya kupikia vilevile: butani chini ya sifuri inagoma kutoka kwenye mtungi, lazima upate propani. Na betri ya lithiamu haichajiwi ikiwa imeganda, kwa hiyo italala chini ya kitanda changu, tugawane joto.

Ile video ya bisibisi nilimtumia mjomba. Kanijibu kwa sauti, sekunde nne tu: "Na hilo ulilonunua, ulilala chini yake, au na wewe ulipenda rangi?"

Nililala, mjomba. Mara mbili.