Mwalimu wa Mitandao Apimwe Mbele ya Mtandao Uliokwama

Ndugu walimu, na ninyi wenye mihuri ya ithibati mliokaa safu ya mbele, ahsanteni kwa kunialika tena ingawa mnajua nitakachosema. Nitakisema vilevile. Mwalimu wa mitandao ya kompyuta asipewe ithibati mpaka aonekane akitafuta hitilafu ambayo hakuitega yeye, mbele ya wanafunzi, huku akisema kwa sauti anachowaza.

Kisa changu ni kilekile. Wanaokijua wanivumilie. Alikuja mwalimu mtarajiwa, mtihani wa kuchagua majibu kaupasua, tabaka 7 za OSI, ule mfano unaogawa kazi za mtandao ngazi kwa ngazi, anazitaja kupanda na kushuka. Tukamwekea swichi ya kuunganisha vifaa, ruta ya kutokea nje ya mtandao, na kompyuta 3 zenye anwani hizi: 192.168.10.20, 192.168.10.200 na 192.168.10.201. Lango, yaani anwani ya ruta, ni 192.168.10.1. Kila kifaa kina subneti maski, namba inayoonyesha anwani zipi ni za mtandao mmoja, ya 255.255.255.0, isipokuwa ile kompyuta inayoishia 200, tuliyoipa 255.255.255.128. Basi ikawa inaongea na 201 vizuri kabisa, lakini kwa 20 haifiki, na langoni haifiki.

Alianza na nini? Kebo! Taa za swichi zinawaka, pingi, ule ujumbe wa kujaribu mawasiliano, ya kwenda 201 inajibu, yeye anabadilisha kebo. Kebo mbovu ingefikishaje pakiti kwa 201? Halafu akazima swichi, akaiwasha. Halafu akatazama dari.

Maski ile inaikata safu ya anwani katikati, kwa namba ya mwisho: 0 hadi 127 upande huu, 128 hadi 255 upande ule. Kompyuta ya 200 inamhesabu 201 kuwa wa upande wake, na lango inalihesabu kuwa liko nje. Kitu cha nje kinapitia langoni. Sasa lango lenyewe likiwa nje, utapitia wapi? Hesabu hiyohiyo aliulizwa kwenye karatasi asubuhi ya siku ile, na aliipata!

Lakini kutoiona si hoja yangu. Hata sisi tulioitega hutokea tukaipita. Hoja yangu ni kwamba muda wote ule hakusema neno. Hakusema "jirani anajibu, kwa hiyo kebo na swichi tuziache, tutazame anwani." Darasa lingeondoka na somo moja tu: mtandao ukikwama, zima uwashe.

Najua kuna anayenong'ona kwamba ruta ni ghali. Kila mwaka ruta ni ghali. Kisa nilichowapa kinafanyika chote ndani ya Packet Tracer, programu ya kuigiza mitandao, ambayo ni bure. Unachokosa humo ni kukata kebo kwa koleo na kuzipanga nyaya 8 kwa rangi zake, na hilo halihitaji ruta hata moja.

Mwingine atasema watengenezaji wa vifaa wameshatumalizia kazi. Kweli, Cisco wana akademia yao tangu 1997, na wana vituo vya kuwafunda wakufunzi. Siwakatai, nimefaidika nao. Ila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Mwalimu aliyekariri amri za kampuni moja, mpe ruta ya kampuni nyingine umwone jasho. Ithibati ipime namna anavyofikiri, amri atazisoma kwenye kitabu cha kifaa.

Haraka haraka sasa, naona mwenyekiti ananyoosha mkono. Kuhuisha: cheti cha CCNA, kile cha mitandao cha Cisco, kina uhai wa miaka 3, na wapo wanaofundisha kwa vyeti vilivyokufa zamani. Wasimamizi mliangalie hilo. Msimamizi mwenyewe naye awe amewahi kuhudumia mtandao wenye watumiaji wanaolalamika. Hilo nililiandalia maneno mengi, nayaruka.

Na IPv6, ule mfumo mpya wa anwani za mtandao. Akiba kuu ya anwani za IPv4, mfumo wa zamani, iliisha kule IANA, wagawaji wakuu wa anwani duniani, Februari 2011, na bado somo la IPv6 linawekwa mwisho wa muhula, litafundishwa muda ukibaki. Leo pia haukubaki.

Haya, maswali. La bei ya ruta nimeshalijibu.