Chemchemi Ina Wenyewe: Mhadhara kwa Viongozi wa Vijiji na Wadau wa Mazingira, Iringa

Kamwene, ndugu zangu. Wenyeviti, watendaji wa vijiji, mabwana shamba, na ninyi mliotoka kwenye miradi.

Habari ya Ruaha Mkuu sitairudia. Tangu 1993 mto ule unakauka kiangazi, na kila aliyemo humu amekaa kwenye semina juu yake. Leo nazungumzia jambo ambalo semina hizo hulipa dakika tano za mwisho: nani mwenye kauli juu ya chanzo cha maji kilichopo kijijini. Sisemi nani ahamasishwe. Watu wamehamasishwa vya kutosha. Nasema kauli.

Najua pingamizi linalofuata, kwamba mwanakijiji hana utaalamu wa kupima maji. Tuanze hapo basi. Kupima chemchemi kunataka ndoo ya lita 20, kipande cha bomba na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Ziba pembeni kwa udongo wa mfinyanzi ili maji yote yapite kwenye bomba. Hapo ndipo wengi hukosea: maji yanapenya chini ya bomba, na kipimo kinatoka kidogo kuliko hali halisi. Jaza ndoo mara tatu, chukua wastani. Ikijaa kwa sekunde 40, chanzo kinatoa nusu lita kwa sekunde, sawa na lita 43,200 kwa siku. Andika kwenye daftari tarehe, sekunde na majina ya waliokuwepo. Rudia tarehe hiyo hiyo kila mwezi, na Oktoba msiiruke kwa sababu yoyote, kwa kuwa mvua bado haijaja kuficha upungufu.

Sasa chukulieni kijiji kina daftari la miaka mitatu, na sekunde 40 za Oktoba zimekuwa 65. Mwenye shamba la milingoti, yaani mikaratusi inayokunywa maji mengi, juu ya chemchemi atasema mvua zilikuwa haba. Ana haki ya kusema hivyo. Kwa hiyo pimeni pia chemchemi ya pili, isiyo na milingoti, siku ile ile. Zikishuka zote mbili, kweli ni mvua. Ikishuka ile moja tu, mnaye wa kuzungumza naye, na mazungumzo hayo mwenyekiti anayaongoza mwenyewe bila kungoja gari litoke mjini.

Kisha yanakuja maamuzi, na hapa ndipo kazi nyingi inapofia. Mradi unakuja, unakaa na kamati siku mbili, unaandika sheria ndogo, watu wanapiga makofi, wanapiga picha. Sheria inabaki kabatini. Mwaka unaofuata mtu analima kinyungu, bustani ya kiangazi ya bondeni, juu ya jicho la chemchemi, anatozwa faini, anakwenda Mahakama ya Mwanzo, na kijiji kinashindwa. Kinashindwa kwa sababu sheria ndogo ya kijiji haina nguvu mpaka halmashauri ya wilaya iidhinishe. Utaratibu uko kwenye sheria ya serikali za mitaa ya 1982, si siri: halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu, mkutano mkuu wa kijiji unaijadili, inapelekwa wilayani na muhtasari wake na orodha ya mahudhurio yenye sahihi. Muhtasari ukisema tu "wajumbe walikubaliana", bila kuonyesha nani alipinga na alijibiwa nini, afisa sheria ataurudisha, na atakuwa sahihi. Rasimu hukaa wilayani miezi kwa kuwa hakuna anayeifuatilia. Nauli ya mtendaji kufuatilia rasimu hiyo haipo kwenye bajeti ya mradi wowote! Posho ya semina ipo. Ninyi wa miradi, naomba mliandike hili leo: nauli ya mtendaji, na gharama ya kuchapa nakala zilizogongwa mhuri, moja ibandikwe ofisi ya kijiji.

Mtaniambia marufuku ya shughuli ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji imo tayari kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kijiji kitunge nini tena? Kitunge namna ya kuitekeleza. Mita 60 zinapimwa kuanzia ukingo wa masika au wa kiangazi? Mama anayeishi kwa mboga za kinyungu kuanzia Juni hadi Novemba ahamie wapi? Afisa wa mkoani hawezi kujibu. Atafyeka mboga, na baada ya wiki mbili jembe limerudi. Mkutano mkuu unaweza kujibu, kwa kuwa unajua nani ana shamba jingine na nani hana.

Na mkiamua kuondoa milingoti, msikate mkaondoka. Kisiki kinachipua, na machipukizi yanaendelea kunywa. Menyeni gome la kisiki lote mpaka chini kidogo ya usawa wa ardhi, rudini kung'oa kila kinachochomoza, na palepale pandeni miti ya asili kama mivengi au mikuyu mvua zikianza, wala si Aprili zinapoondoka.

Muda unaniishia. Fedha: akaunti iwe ya kijiji, faini itolewe stakabadhi, mapato na matumizi yasomwe mkutano mkuu kila baada ya miezi mitatu. Maafa: Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inatambua kamati mpaka ngazi ya kijiji. Wa Mbeya mliona tope lililoporomoka kutoka Mlima Kawetere Aprili 2024, hamhitaji maelezo. Kamati ijue nani anapuliza filimbi usiku, wazee wanabebwa na nani, na watu wanakimbilia wapi pasipo bonde. Wafadhili wanaofika baada ya siku tatu waikute orodha ya kaya imeshaandikwa na kamati, waifuate hiyo.

Njia za kuzuia moto sitaziwahi. Bwana misitu atakuwa pale chini ya mti na ramani zake. Waliokuja na madaftari ya vipimo, wayalete mezani sasa, tuanze na Oktoba.