Mbona Umekonda? Jibu Langu kwa Mnaoniuliza Kila Wiki

Mbukwenyi, ndugu zangu wa Dodoma na kokote mnakonitazama. Kila nikiweka video, swali ni lile lile: "Mbona umekonda, huko kuna njaa?" Wengine mmeandika kwamba ninaringia umbo la kizungu, na wengine mmesema nimeambukizwa, hadi maneno hayo yakamfikia mama yangu Chang'ombe. Leo ninajibu, na ninaomba nisionekane ninajisifu kwa kuishi Leeds, Uingereza, wala ninaisema vibaya nchi iliyonipokea.

Niliugua, na bado ninatibiwa. Ugonjwa wenyewe ni wa ulaji, unaitwa anoreksia. Njaa nilikuwa ninaisikia vizuri sana, ila hofu ya kunenepa iliizidi nguvu. Mama alimpa msafiri mmoja unga wa uwele na mlenda mkavu aliouanika mwenyewe uani, aniletee. Nilisonga ugali, nikaukata vipande vidogo kama kete za bao, nikala vitatu, vilivyobaki nikavifunga kwenye mfuko mweusi na kuvishusha kwenye pipa la taka usiku, ili wenzangu wa nyumba wasinione. Jambo hilo linaniuma kuliko maneno yenu yote. Kilo nilizopoteza sizitaji kwa makusudi, kwa sababu binti anayeumwa akizisikia atataka kuzifikia.

Mnakumbuka nilivyoondoka nikiwa mnene. Kwa hiyo nilipokwenda kwa daktari, hedhi imekatika na nywele zinanyonyoka, muuguzi alinipima uzito na urefu, akapiga hesabu, akaniambia niko kwenye kiwango cha kawaida, kisha akanipongeza kwa kupungua. Nilipojikaza kumweleza kuhusu kula, alijibu kwamba kwa wasichana weusi tatizo hilo ni nadra kwa kuwa utamaduni wetu unapenda wanawake wenye miili. Nililia ndani ya basi mpaka kituo cha mwisho.

Hesabu ile ya uzito na urefu, inayoitwa BMI, chimbuko lake ni Adolphe Quetelet, mwanahisabati wa Ubelgiji wa miaka ya 1830, aliyekuwa akitafuta wastani wa watu wa Ulaya, na hakuibuni ili imwambie daktari kama msichana fulani ni mgonjwa. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani ulikwisha kutambua mwaka 2013 kwamba mtu aliyepungua sana anaweza kuwa na dalili zote za anoreksia huku uzito wake ukisomeka kuwa wa kawaida, na miongozo ya tiba ya England ya mwaka 2017 inakataza kutumia BMI peke yake kuamua nani atibiwe. Kuhusu rangi, watafiti wa Marekani walichapisha mwaka 2006 matokeo ya kuwapa wataalamu wa tiba maelezo ya msichana mmoja, wakibadilisha asili yake tu. Alipotajwa kuwa Mweusi, walioona kwamba ulaji wake una kasoro walipungua. Niliposoma hayo nilielewa kwamba muuguzi yule hakuwa peke yake, ingawa hilo halikunipunguzia hasira.

Hasira yangu ina bei pia. Kabla ya viza, mwanafunzi hulipa ada ya afya ya pauni 776 kwa mwaka, na yangu ilitoka kwenye mavuno ya zabibu ya baba, Hombolo. Baada ya kulipa, mapokezi ya zahanati walinirudisha mara tatu wakidai bili ya umeme yenye jina langu, wakati chumba nilikipanga na bili zote zina jina la mwenye nyumba. Baadaye niligundua kwamba utaratibu wa kujiandikisha kwa daktari haudai uthibitisho wa anwani. Wiki zote hizo nilikuwa ninazidi kuumwa.

Nyumbani nako hawakunielewa. Shangazi aliponiona kwenye simu aliniuliza kama nimepima, kwa sababu kwetu aliyekonda ana virusi au ameachwa na mume. Nilipomtajia daktari wa akili, alinyamaza, kisha akaniomba nisimwambie mtu, watu wasije wakasema nimefikia kwenda Mirembe. Mirembe ni hospitali ya magonjwa ya akili, ndugu zangu, tena iko hapo hapo mjini kwenu, na jina lake tumeligeuza tusi la kutaniana kwenye daladala.

Mimi si daktari, na mwili wangu si wako. Lililonifaa mimi huenda lisikufae wewe. Ila dada unayejitapisha baada ya kula, hata kama una mwili mkubwa na kila mtu anakusifia, usingoje ukonde ndipo uende hospitali. Kutapika mara kwa mara hushusha potasiamu kwenye damu, na moyo unaweza kusimama bila mtu kukuona umekonda. Mwambie daktari unatapika, uombe upimwe damu na moyo.

Na mkiniona nimenenepa kwenye video zijazo, ninawaomba msiandike chochote kuhusu mwili wangu, hata kwa nia ya kunisifia. Mama ametuma mlenda mwingine, na jana niliupika.