Barafu Inayoipanda Meli

Ndugu zangu mnaosomea ubaharia, baadhi yenu mtaajiriwa kwenye meli za bahari ya kaskazini. Leo siongelei barafu inayoelea. Naongelea ile inayoipanda meli yenyewe.

Maji ya bahari huganda kwenye nyuzi -1.8 hivi za Selsiasi. Hewa ikiwa baridi kuliko hapo na upepo mkali, kila omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, inapopiga wimbi, marasharasha huruka na kupeperushwa hadi milingotini. Tone hupoa hewani, lakini aghalabu hufika lingali maji. Likigusa chuma baridi, sehemu yake huganda. Iliyobaki, ambayo sasa ina chumvi kali zaidi, huchuruzika au hunaswa katika vijitundu ndani ya barafu.

Shikeni hili. Maji yanapoganda hutoa joto, na joto hilo lisipopata pa kwenda, kuganda husimama. Anayelichukua ni upepo. Ndiyo maana baridi ni ileile, ila upepo ukizidi barafu hunenepa haraka. Tena kamba nyembamba hunasa matone vizuri kuliko ukuta mpana, kwa kuwa hewa inayoukwepa ukuta huyachukua na matone madogo. Kamba ya unene wa kidole hugeuka gogo.

Na uzito wote huo unakaa juu. Tarehe 4 Februari 1968, meli ya uvuvi Ross Cleveland, ya Hull, Uingereza, ilikuwa imejikinga na dhoruba katika ghuba ya Isafjord, Iceland. Barafu iliielemea, ikalala ubavu, haikuinuka tena. Alipona mmoja tu, Harry Eddom, msaidizi wa nahodha. Alikuwa sitahani akivunja barafu, hivyo alikuwa na mavazi mazito. Wenzake wawili waliokuwa naye kwenye boti ya mpira waliuawa na baridi. Katika majuma machache Hull ilipoteza meli tatu na watu 58. Wanawake wa mji ule, wakiongozwa na Lillian Bilocca, walisimama kudai kila meli iwe na opereta wa redio. Nawaheshimu sana.

Kwa hiyo punguzeni mwendo, msiikabilishe omo na upepo bila sababu, na anzeni kuvunja barafu mapema, ya juu kwanza. Meli ikianza kuyumba polepole na kukawia kurudi wima, msidhani bahari imetulia. Uzito umeshapanda juu mno, amsheni kila mtu.