Rais anapochokozwa: Oktoba 1962 na bei iliyofichwa

NGOIE: Karibuni, wasikilizaji wetu wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na popote mlipo. Swali la leo ni hili: dola pinzani inapomchokoza rais mlangoni pake, afanye nini? Papa Ilunga amechagua kisa cha Oktoba 1962, cha makombora ya Kisovieti nchini Kuba, nami nimekubali kwa sharti kwamba asinisimulie hadithi ya shujaa Kennedy, rais wa Marekani wakati huo.

ILUNGA: Sharti nimelikubali, Mama Ngoie, ingawa nitamtetea kidogo. Tarehe 14 Oktoba 1962 ndege ya upelelezi ya aina ya U-2 ilipiga picha magharibi mwa Kuba, na asubuhi ya tarehe 16 Kennedy akaelezwa kwamba picha hizo zinaonyesha vituo vya makombora yenye uwezo wa kufika Washington. Aliwaita washauri wake siku hiyo hiyo. Chumba chao kilikuwa na vinasa sauti ambavyo wengi wao hawakuvijua, na ndiyo maana leo tunaweza kumsikia rais mwenyewe jioni ile akistaajabu: kwa nini Khrushchev, kiongozi wa Wasovieti, afanye jambo kama hili, ilhali ni sawa na sisi kuanza kuweka makombora Uturuki, jambo ambalo lingekuwa la hatari kubwa? Mshauri wake Bundy akamjibu kwamba, Mheshimiwa Rais, tumeshayaweka.

NGOIE: Ningependa tusimame hapo kidogo kabla hujaendelea. Makombora 15 ya aina ya Jupiter yalikuwa Uturuki, mengine 30 yalikuwa Italia, na mwaka mmoja na nusu kabla, Aprili 1961, Marekani ilikuwa imewapa silaha na mafunzo Wakuba wa uhamishoni waliojaribu kumpindua Castro, kiongozi wa Kuba, pale Ghuba ya Nguruwe. Sasa unaniambia kwamba mchokozi ni Khrushchev. Mbona kila dola kubwa huanza kuhesabu uchokozi kuanzia siku ile ilipoguswa yenyewe?

ILUNGA: Hoja yako ni nzito na siwezi kuikwepa. Hata hivyo kulikuwa na udanganyifu. Moscow ilikuwa imerudia kuihakikishia Washington kwamba silaha zinazopelekwa Kuba ni za kujihami tu, na tarehe 18 Oktoba waziri wa mambo ya nje Gromyko aliketi Ikulu, mbele ya Kennedy, akarudia maneno hayo hayo. Kennedy alikuwa na ushahidi wa picha, akanyamaza, akamsindikiza mgeni wake. Mimi naona kwamba kunyamaza kule ni sehemu ya jibu la rais, na pengine ni sehemu ngumu kuliko zote, kwa sababu kiongozi aliyedanganywa usoni hutamani kwanza kumuumbua aliyemdanganya.

NGOIE: Alijizuia siku ile kwa sababu mwezi uliotangulia hakujizuia. Mnamo Septemba, akisukumwa na wapinzani wake katika Bunge, alitangaza hadharani kwamba makombora ya kushambulia yakionekana Kuba Marekani haitakaa kimya. Alichora mstari mahali alipodhani hakuna atakayepita, na adui alikuwa njiani tayari. Katika kinasa sauti kile kile ananung'unika kwamba mwezi uliopita angesema tu kwamba hawajali. Marais wengi hujifunga kwa ndimi zao, halafu wanawapeleka vijana wa watu vitani ili maneno yao yasionekane ya bure.

ILUNGA: Basi alipojikuta amejifunga, alikuwa na njia ngapi? Wakuu wa majeshi walitaka mashambulizi ya anga, na baadaye uvamizi. Tarehe 19 Oktoba Jenerali Curtis LeMay, mkuu wa jeshi la anga, alimwambia usoni kwamba kuweka kizuizi cha baharini bila kushambulia ni vibaya karibu sawa na yaliyofanyika Munich. Msikilizaji akumbuke kwamba mwaka 1938 Chamberlain, waziri mkuu wa Uingereza, alimwachia Hitler sehemu ya Chekoslovakia kule Munich kwa matumaini ya kununua amani, na kufikia Machi 1939 Hitler alikuwa ameingia Prague. Akumbuke pia kwamba baba yake Kennedy ndiye aliyekuwa balozi wa Marekani mjini London wakati huo, naye aliiunga mkono siasa ya Chamberlain. Jenerali alijua anapochoma.

NGOIE: Na tangu siku ile Munich imekuwa fimbo ya kumchapia kila rais anayetaka kufikiri kabla ya kupiga. Hakuna anayeuliza kama adui wa leo anafanana na Hitler. Inatosha kutaja jina la mji.

ILUNGA: Lakini Mama Ngoie, fimbo hiyo haikutoka hewani. Kuna wachokozi wanaoongeza hatua kila wasipozuiwa, na rais anayewaachia leo atalipa zaidi kesho. Ugumu ni kutambua uko mbele ya mchokozi wa aina gani, na hilo halijulikani kwa siku moja. Kwa hiyo Kennedy alijinunulia muda. Alikaa siku sita bila kusema kitu, tarehe 22 akalihutubia taifa kwa televisheni, tarehe 24 karantini ya baharini, yaani kile kizuizi, ikaanza, na siku iliyofuata meli ya mafuta ya Kisovieti iitwayo Bucharest ikaachwa ipite kwa sababu haikubeba silaha. Kila hatua ilimpa Khrushchev nafasi ya kufikiri tena bila kuonekana amepigishwa magoti.

NGOIE: Muda huo ulikuwa na hatari zake, na hapa ndipo nakuomba tusipite haraka, kwa maana tarehe 27 Oktoba inatosha kumnyima usingizi mtu anayeamini kwamba marais ndio wanaoongoza mambo. Siku hiyo Meja Rudolf Anderson, rubani wa U-2, aliangushwa pamoja na ndege yake juu ya Kuba akafa, na amri ya kufyatua haikutoka kwa Khrushchev. Makamanda wa Kisovieti walioko pale kisiwani waliamua wenyewe. Siku hiyo hiyo rubani mwingine wa Marekani alipotea njia akaingia anga la Kisovieti upande wa Siberia. Tena siku hiyo hiyo, chini ya bahari, manowari za Marekani zilikuwa zikirusha mabomu madogo ya kuiashiria nyambizi B-59 ijitokeze juu, bila kujua kwamba nyambizi hiyo imebeba torpedo ya nyuklia. Joto ndani lilikuwa kali, hewa imechoka, mawasiliano na Moscow yamekatika, na kwa mujibu wa waliokuwamo nahodha aliamini kwamba vita vimeshaanza, akataka torpedo iandaliwe. Ofisa mwenzake, Vasili Arkhipov, ndiye aliyemtuliza.

ILUNGA: Na Ikulu hakuna aliyemjua Arkhipov.

NGOIE: Hakuna. Ndiyo maana nasita ninaposikia kwamba rais fulani aliidhibiti hali. Mwaka 1992, katika mkutano uliofanyika Havana, jenerali wa Kisovieti Anatoly Gribkov alisema mbele ya McNamara, aliyekuwa waziri wa ulinzi wa Kennedy, kwamba mwaka 1962 silaha ndogo za nyuklia za uwanja wa vita zilikuwa zimeshafika kisiwani. LeMay angesikilizwa, askari wa Marekani wangeshuka ufukweni mbele ya silaha ambazo majasusi wao hawakuziona.

ILUNGA: Nakubali yote, na bado yanaupa nguvu utetezi wangu. Washauri walikuwa wamekubaliana siku chache kabla kwamba ndege ikiangushwa, kituo kilichoiangusha kitapigwa. Ndege ikaangushwa, rubani akafa, chumba kizima kikangojea amri, na rais hakuitoa. Alikataa utaratibu alioukubali mwenyewe. Kwangu mimi rais anayeweza kuvunja mpango wake alfajiri ya vita kwa sababu hajui ni nani hasa aliyefyatua, huyo anastahili heshima kuliko yule mwenye msimamo usiotetereka. Samahani kwa kelele hizo, wasikilizaji, umeme umekatika na jirani amewasha jenereta yake.

NGOIE: Tumeizoea. Sasa tufike usiku wa tarehe 27, Papa, kwa sababu hapo ndipo ugomvi wangu na Kennedy ulipo. Robert Kennedy, mdogo wake rais, alikutana na Dobrynin, balozi wa Kisovieti mjini Washington, na kumwahidi kwamba makombora ya Uturuki yataondolewa katika miezi minne au mitano, mradi jambo hilo lisisemwe hadharani. Asubuhi ya tarehe 28 Redio Moscow ikatangaza kwamba makombora ya Kuba yanaondolewa. Kufikia Aprili 1963 yale ya Uturuki yalikuwa yameondoka. Kwa maneno mengine, walibadilishana. Nisingelaumu kubadilishana, ni jambo la watu wenye akili. Ninacholaumu ni kwamba raia wa Marekani waliambiwa kwamba rais wao alimkodolea adui macho na adui akapepesa.

ILUNGA: Wangeambiwa ukweli, uchaguzi wa Bunge ulikuwa wiki iliyofuata, na washirika wa NATO wangesema kwamba Washington inauza ulinzi wao ili ijiokoe. Kuna mapatano yanayokufa yakitangazwa. Hata wazee wetu wa ukoo hawamalizi kesi ya damu sokoni.

NGOIE: Wazee wa ukoo huficha maneno makali, lakini kila mtu huiona mbuzi iliyolipwa. Hapa mbuzi yenyewe ilifichwa kwa miaka mingi. Kitabu cha Robert Kennedy kilipochapishwa mwaka 1969, baada ya kifo chake, mhariri wake Sorensen alikuwa ameyafunika maneno yaliyoonyesha wazi kwamba walikubaliana, naye alikiri hivyo mwaka 1989 mjini Moscow. Katika miaka yote hiyo viongozi walijifunza kwamba adui hukunja mkia ukimkazia tu. Makamu wa rais Lyndon Johnson hakuwamo katika chumba kidogo ambamo ahadi ya Uturuki iliamuliwa usiku ule. Miezi kumi na mitatu baadaye yeye ndiye rais, na mwaka 1965 anaipiga Vietnam Kaskazini kwa mabomu akingoja ipepese.

ILUNGA: Hapo unakwenda mbali. McNamara na Bundy walikuwamo chumbani, walijua bei iliyolipwa, na bado wao ndio waliomshauri Johnson azidishe mashambulizi. Kujua ukweli hakukuwaokoa.

NGOIE: Hilo ni kweli, na linaniumiza kichwa. Lakini nitakujibu hivi: washauri wanaweza kukosea wakijua, ila raia na wabunge hawawezi kuwahoji kama hawajui. Swali la rahisi kabisa, yaani ni nini tutakachompa adui ili atoke, halikuweza kuulizwa, kwa kuwa taifa zima liliamini kwamba mwaka 1962 hakupewa chochote.

ILUNGA: Najua msikilizaji wa Goma au Bukavu anajiuliza tangu mwanzo kwa nini tunazungumzia Karibi, wakati waasi wa M23 waliingia miji hiyo miwili Januari na Februari 2025. Sitaki tuchanganye. Nitasema jambo moja tu: Kennedy aliweza kusubiri kwa sababu jeshi lake la majini lilikuwa limeizunguka Kuba. Subira ya mwenye nguvu humpa adui muda wa kufikiri. Subira ya asiye nazo humpa adui muda wa kusonga mbele, kwa hiyo rais wa namna hiyo hawezi kuazima somo la Oktoba 1962 jinsi lilivyo.

NGOIE: Nami nitakuongezea upande mwingine unaotuhusu zaidi, maana sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ya Marekani ilichimbwa hapa kwetu, Shinkolobwe, karibu na Likasi, na hakuna aliyewauliza wenye ardhi. Mwaka 1962 Waturuki hawakuulizwa. Castro naye hakuulizwa. Habari kwamba makombora yanaondoka ilimfikia kupitia vyombo vya habari. Ukimuuliza Mkuba wa wakati ule ni rais gani aliyejibu uchokozi vizuri, hatakutajia hata mmoja kati ya hao wawili.

ILUNGA: Atamtaja Castro mwenyewe, ambaye mwishoni mwa Oktoba alimpokea U Thant, Kaimu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, mjini Havana, akakataa wakaguzi wasikanyage ardhi ya Kuba. Ilibidi ukaguzi ufanyike baharini: mabaharia wa Kisovieti wakafunua maturubai kwenye sitaha ili ndege za Marekani zipige picha makombora yakirudishwa kwao. Sura ya mtu mzima anayevuliwa koti njiani. Lakini Castro alipata nini? Kennedy alikuwa ameifunga ahadi yake ya kutoivamia Kuba kwenye ukaguzi huo, na kwa kuwa ukaguzi wa nchi kavu haukufanyika, ahadi haikuandikwa rasmi kamwe.

NGOIE: Na Marekani haikuvamia.

ILUNGA: Haikuvamia, lakini hiyo haikuwa kazi ya Castro.

NGOIE: Unaamini hivyo. Mimi naona kwamba katika makubaliano yote yale kilibaki kitu kimoja tu ambacho idhini yake ilihitajika, na hicho ndicho alichokataa kukitoa.

ILUNGA: Tutaendelea na ugomvi huu wiki ijayo, maana U Thant huyo huyo, mezani pake Oktoba ile, alikuwa pia na faili la Katanga, Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga na Kongo, akiwa bado anatawala hapa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Wasikilizaji wenye wazazi au babu wanaokumbuka askari wa Umoja wa Mataifa wakiingia mjini, tutumieni sauti zenu.