Mbwa Mkubwa Hakuzwi kwa Sufuria

Asanteni kwa kuja, hasa mliofika na watoto wa mbwa wenyewe badala ya picha za kwenye simu. Leo tunazungumzia kukuza mbwa wa aina kubwa, nami nitamtaja zaidi Great Dane, kwa sababu ndiye aliyechunguzwa sana. Wenye Boerboel, Mastiff na Saint Bernard msisinzie. Mengi nitakayosema yanawahusu.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Daktari, ana miezi mitano, yuko kilo thelathini, mbona hakui?" Nikiuliza thelathini ni chache kwa kipimo gani, najibiwa, "Aliyeniuzia alisema atafika mia." Tuanze na hiyo mia. Shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI, linataka dume la Great Dane liwe na kimo cha sentimita 80 hadi 90, na jike 72 hadi 84. Kuhusu uzito, klabu ya Marekani, AKC, inataja takriban kilo 63 hadi 79 kwa dume na 50 hadi 63 kwa jike. Na huyo ni mbwa mzima, aliyekwisha kujaa.

Kimo chenyewe, nawaomba, kipimwe mabegani, pale shingo inapokutana na mgongo, si utosini. Msimamishe kando ya ukuta, laza kitabu mabegani kiguse ukuta, piga alama kwa penseli, kisha pima kutoka sakafuni. Mbwa wengi wa hapa mjini wakipimwa hivyo wanafupika papo hapo.

Aliyevunja rekodi ya Guinness kwa urefu alikuwa Zeus, Great Dane wa Michigan, Marekani. Mabegani alifika sentimita 111.8. Mnadhani alikuwa na kilo ngapi? Huyo bwana amesema mia na ishirini. Alikuwa na kilo 70 hivi. Mbwa aliyewashinda wote kwa urefu hakutoka nje ya uzito wa kawaida wa mbwa wa aina yake. Alikufa mwaka 2014 akiwa na miaka 5.

Sasa tumrudie yule wa miezi mitano. Great Dane huzaliwa na nusu kilo na ushee. Mpaka aje kuwa mbwa mzima, uzito huo umezidishwa mara mia au zaidi. Nusu ya uzito wa utu uzima hufikiwa kwenye mwezi wa tano au wa sita, kwa hiyo kilo thelathini katika umri huo si haba hata kidogo. Urefu mwingi anaumaliza ndani ya mwaka wa kwanza. Baada ya hapo kifua kinapanuka na misuli inajaa polepole, na wengine huendelea mpaka mwaka wa tatu. Katikati hapo kuna kipindi kibaya cha macho: miguu mirefu, kifua chembamba, matako yako juu kuliko mabega. Hapo ndipo mwenye mbwa anaingiwa na wasiwasi, jirani anamcheka, na sufuria inaongezwa.

Sufuria haibadilishi ukubwa wa mwisho kwa namna mnayoitaka. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa kutoka Marekani walionyesha katika jarida la Science kwamba jeni moja, IGF1, ina mchango mkubwa katika kutofautisha mbwa wadogo na wakubwa. Kimo cha juu kabisa mtoto alikirithi kwa baba na mama yake. Ukizidisha chakula unaongeza mwendo wa kukua na mafuta, na huo mwendo ndio unaoumiza.

Chuo Kikuu cha Cornell kilichapisha jaribio lake mwaka 1974. Watoto wa Great Dane waligawanywa: wengine walikula watakavyo, wengine wakapewa kama theluthi mbili ya kile walichokula wenzao. Walioachiwa chakula walikua haraka, na wao ndio walioonyesha zaidi kasoro za mifupa na viungo. Mfupa wa mtoto hurefukia kwenye gegedu laini karibu na ncha zake. Gegedu hilo lichukue muda wake kugeuka mfupa. Ukilipandishia uzito kabla ya wakati, linaharibika.

Kisha wakaja watafiti Waholanzi wa Chuo Kikuu cha Utrecht, wakagundua la kalsiamu, na hapa naomba mnisikilize vizuri zaidi kwa sababu ndipo tunapokosea sana. Mtoto wa mbwa kabla ya miezi sita hivi hawezi kuikataa kalsiamu iliyozidi. Utumbo wake unainyonya tu. Ikizidi, mifupa inashindwa kujijenga upya inavyopaswa, na miguu inaweza kupinda. Nao haohao walijaribu protini kwa viwango tofauti wasione madhara hayo. Kwa hiyo wanaowanyima watoto nyama kwa kuogopa protini, nyama imesingiziwa.

Wengi wenu mnapika ugali, dagaa na utumbo, halafu mnatupia kijiko cha unga wa mifupa "kwa ajili ya nguvu". Kijiko hicho nani alikipima? Kama unampa chakula cha dukani cha watoto wa mbwa wakubwa, kalsiamu imo tayari, usiongeze kitu. Wamarekani wa AAFCO, chama kinachoweka viwango vya vyakula vya wanyama, wameweka kikomo cha kalsiamu cha asilimia 1.8 ya chakula kikihesabiwa bila maji yake, kwa watoto wa mbwa wanaotarajiwa kuzidi kilo 32 hivi. Nyama tupu bila mfupa nayo ina hatari yake kwa upande wa pili, maana kalsiamu inapungua mno. Anayepika nyumbani aje tupange vipimo, asikisie.

Mtajuaje chakula kinatosha? Pitisha vidole mgongoni mwa kiganja chako, uone mifupa inavyosikika chini ya ngozi. Mbavu zake zisikike hivyohivyo. Ukilazimika kubonyeza, amenenepa.

Mzee wa nyuma ameuliza kuhusu kuhasi mapema ili mbwa arefuke. Ni kweli homoni za uzazi ndizo zinazofunga ncha za mifupa, hivyo aliyehasiwa mdogo anaweza kurefuka miguu kidogo. Lakini nyonga na magoti yanaweza kulipia urefu huo. Kwa mbwa hawa mimi husubiri avuke mwaka, na mara nyingi zaidi ya hapo. Na kumkimbiza nyuma ya pikipiki akiwa na miezi sita, tafadhali acheni.

Mizani iko pale chini ya mwembe. Aanze yule dume la kijivu, maana mwenyewe amekwisha kutangaza kilo zake na tunataka kuziona.